Jinsi ya kugeuza picha ya zamani ya safari kuwa picha ya vitambaa

Mabaki ya kanga na kitenge hayakubali kuiga picha. Kitambaa kina maua yake na rangi zake, na ukilazimisha kila jani na kila dirisha vikae mahali pake, unaishia na fujo. Kazi kubwa hapa ni kupunguza: kuamua nini kitoke ili kilichobaki kionekane.

Mfano wangu ni picha ya rangi ya miaka ya 1980, aliyoipiga mama mdogo stesheni ya Mlimba akielekea Mbeya kwa treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kushoto kuna behewa, mbele amesimama mwanamke mwenye beseni la ndizi kichwani, na nyuma ni milima ya Udzungwa. Wewe tumia yako, iwe ya boti ya Unguja au basi la Arusha.

Andaa mabaki ya pamba, kipande cha marekani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa) cha kushonea juu yake, kipande cha kaniki (kitambaa cheusi cha pamba), sindano, uzi wa kudarizi, pini, mkasi wa kitambaa, mkasi mwingine wa karatasi, penseli, chaki ya fundi na pasi. Mabaki yakikuishia, mwombe fundi cherehani wa mtaani. Wengi huwa na mfuko mzima chini ya meza.

1. Chagua picha yenye maumbo makubwa

Weka picha mezani, rudi nyuma hatua kadhaa, kisha fumba macho nusu. Ukiona sehemu tatu au nne zinazoachana wazi, giza na mwanga, hiyo inafaa. Picha ya watu ishirini wamejipanga mbele ya mnara inapendeza kwenye albamu, ila kwa sindano itakutesa.

2. Toa nakala, asili irudi kabatini

Usikate wala kuchora kwenye picha yenyewe. Ipige kwa simu kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, simu ikiwa sambamba na picha. Ikiwa imeganda kwenye plastiki ya albamu, usiibandue kwa nguvu. Ipige hapo hapo ilipo.

Picha nyingi za rangi za miaka hiyo zimegeuka nyekundu, kwa kuwa rangi ya samawati ndani yake hufifia mapema kuliko nyingine. Isikusumbue. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, ongeza tofauti ya giza na mwanga, kisha peleka steshenari wakuchapie nakala mbili za A3. Moja utaikata, ya pili itabaki kuwa ramani yako.

3. Chora maumbo

Bandika nakala kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi nyeupe juu yake, na ufuate mipaka mikubwa tu. Kwenye picha ya Mlimba nilibaki na anga, milima ya mbali, milima ya karibu, behewa, ukanda wa madirisha, kivuli chini ya behewa, mwanamke, beseni na ukingo wa jukwaa. Nguzo za simu zilitoka. Abiria waliochungulia nao walitoka.

Vipe vipande namba kuanzia cha nyuma kabisa hadi cha mbele kabisa. Namba hizo ndizo utaratibu wako wa kushona, kwa hiyo ziandike kwenye ramani pia.

4. Chagua vitambaa: giza na mwanga kwanza, rangi baadaye

Hapa usiwe na haraka. Tandaza mabaki yote sakafuni, yapige picha kwa simu, igeuze nyeusi na nyeupe. Utashangaa: nyekundu na kijani ambazo kwa macho zinagombana huweza kuwa kijivu kile kile, na ukizishona pamoja umbo linapotea. Panga mafungu matatu, la giza, la kati na la mwanga, ndipo uanze kufikiria rangi.

Kanga ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Mji, yaani katikati, mara nyingi una mapambo makubwa, unafaa anga au ardhi. Pindo lina mapambo madogo yanayojirudia, na ukilikata kwa urefu linakupa safu ya madirisha ya behewa bila kushona dirisha hata moja. Mistari ya kikoi ni reli iliyokwisha kuchorwa. Vitenge vya bei nafuu vilivyochapwa upande mmoja vigeuze: mgongo wake uliopauka ndio milima ya mbali. Kaniki iwe kivuli. Na kwa TAZARA, usiweke bafta nyeupe (kitambaa chepesi cha pamba) juu ya injini kama moshi. Treni hizo ni za dizeli.

Kanga za Urafiki ninaziweka kando kwa ajili ya picha za reli hii. Kiwanda hicho cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na TAZARA ikajengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975. Mtazamaji anayejua ataliona hilo. Asiyejua ataona kanga nzuri tu.

Kuhusu jina la kanga, yaani maandishi yake, ama liache zima au liondoe lote. Neno lililokatwa katikati huvuta jicho kuliko picha nzima. Kwenye kazi hii nilikuwa na "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu", nikaliweka chini kabisa kuwa ukingo wa jukwaa. Na kama kanga ni ya bibi au ya marehemu, waulize wenyewe kabla ya kuweka mkasi.

Vijaribu vitambaa kabla ya kukata. Choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, wa plastiki huyeyuka kuwa kishanga kigumu, na utaganda kwenye pasi. Kisha sugua kitambaa kwa bafta yenye maji. Kikichuja, kifue peke yake hadi maji yawe safi. Chumvi na siki wengi wanaziamini, mimi siziamini kwa nguo iliyochapwa kiwandani.

5. Kata na shikiza

Kata marekani ikizidi picha kwa sentimita 5 kila upande, maana mishono huvuta kitambaa ndani. Kata maumbo kutoka nakala ya kwanza, yachore kwa chaki juu ya vitambaa, na kila kipande kiongeze nusu sentimita ya kukunja, na pale kinapopita chini ya kingine, sentimita 1. Panga kwa namba, bana kwa pini, kisha piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa uzi wa rangi tofauti ili usikusumbue kuutoa.

6. Shona

Anza nyuma. Kunja ukingo kwa ncha ya sindano kidogo kidogo, ushone kwa mishono midogo inayojificha. Kipande chembamba kuliko kidole usikikunje. Acha ukingo wazi na upige mistari miwili ya mishono karibu na ukingo. Nyuzi chache zikichomoza, ziache.

Baada ya hapo darizi kwa nyuzi mbili kati ya zile sita za uzi. Mlimani fuata mteremko, kwenye behewa nenda mlalo. Uso uache bila macho wala mdomo: shingo iliyonyooka chini ya beseni inatosha kabisa kumtambulisha mtu, na macho ya uzi kwenye uso wa sentimita 2 humgeuza kikaragosi.

7. Mgongo na kutundika

Toa bandi, piga pasi kwa nyuma, weka kitambaa cha mgongo. Ukitaka unene, blanketi kuukuu jembamba linafaa katikati. Juu, upande wa nyuma, shona mfuko mrefu ulio wazi pande mbili wa kupitisha fimbo. Chini yake shona kibandiko cha bafta chenye mahali, mwaka, na jina la aliyepiga picha.

Tundika mbali na jua la moja kwa moja, kwa sababu kanga hupauka. Kwa walio Pwani, fimbo ikae mbali kidogo na ukuta hewa ipite, la sivyo ukungu utaingia wakati wa masika. Kazi hii haifuliwi. Ikishika vumbi, ikung'ute nje taratibu, kisha ipitishie brashi laini kutoka juu kwenda chini.