Sabufa ya kuendana na spika ulizo nazo: someni hapa kabla ya kuniuliza

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Fundi, sabufa gani nzuri?" Sijui. Sijui spika zako zinaishia wapi, sebule yako ina mita ngapi, wala nyuma ya ampli (amplifaya) yako kuna nini. Naandika mara moja tu, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Jua spika zako zinaishia wapi. Watu wanaanza na sabufa, wakati kazi ya sabufa, spika ya besi nzito, ni kupokea pale spika za kawaida zinaposhindwa kushuka. Tazama nyuma ya spika au kwenye kitabu chake, utakuta kama 55 Hz – 20 kHz (Hz ni mitetemo kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito zaidi). Namba ya kwanza ndiyo unayoitaka, na uiamini zaidi ikiwa imefuatwa na ±3 dB, yaani sauti haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli 3. Bila hiyo, mwenye kiwanda anaweza kuwa amejipendelea. Huna kitabu? Pitisha toni za majaribio kutoka kwenye simu hadi kwenye ampli kwa sauti ndogo: 100 Hz, 80, 60, 50, 40, ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kila siku. Toni inapofifia ghafla, spika zimeishia karibu na hapo. Spika za inchi 5 (upana wa koni yake) mara nyingi huchoka kwenye 60 hivi. Gitaa la besi la nyuzi nne hushuka mpaka 41 Hz, la nyuzi tano mpaka 31. Kwa hiyo kwenye rumba, sehemu kubwa ya kazi ya mpiga besi unaikisia tu.

2. Pima sebule. Mita 3 kwa 4, sabufa ya inchi 8 inatosha. Sebule ya kawaida, inchi 10. Inchi 12 waachie wenye nafasi.

3. Geuza ampli uitazame nyuma. Hatua hii ndiyo inayounguza pesa za watu, kwa hiyo someni polepole.

Ukikuta tundu la RCA (lile dogo la mviringo la waya wa sauti) lililoandikwa SUB OUT au PRE OUT, maisha ni rahisi: nunua sabufa yoyote yenye ampli ndani na tundu la RCA. Kama hakuna kitu isipokuwa sehemu za kufungia waya za spika, tafuta sabufa inayopokea waya hizohizo za spika. Sabufa nyingi za Yamaha za YST-SW zinazo, na REL ya Uingereza wamejenga jina lao juu ya muungano huo. Usiogope kwamba itaielemea ampli. Inavuta umeme kidogo sana kutoka kwake, nguvu inatoka kwenye ampli yake yenyewe.

Sasa maonyo. Usichukue waya wa spika ukauchomeka kwenye tundu la RCA la sabufa. Usinunue ile sabufa ya home theater iliyobaki yatima, kwa sababu nyingi hazina ampli ndani, zilitegemea redio yao. Bila hiyo umenunua kasha la mbao. La hatari zaidi ni hizi ampli ndogo za kisasa za daraja D (Class D). Katika nyingi, upande wa hasi wa spika si ardhi, una umeme wake. Sabufa nyingi nazo zimeunganisha hasi ya kushoto na ya kulia ndani kwa ndani. Ukizikutanisha hizo mbili umepiga shoti, na ampli inakufa kabla hujasikia wimbo. Mezani kwangu ipo moja sasa hivi iliyokufa hivyo. Kama kitabu cha ampli hakikuruhusu waziwazi, pitia RCA, au achana nayo. Na kila unapounganisha, chomoa kila kitu ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

4. Soma kibandiko cha umeme. Sisi hapa Kongo ni 220 V. Mali iliyotumika Ulaya (230 V) iko salama. Ya Marekani inasema 120, ya Japani 100. Kukiwa na swichi ya 115/230, igeuze kabla ya kuchomeka. Hakuna swichi? Weka bei ya transfoma kwenye hesabu. Kwa umeme wetu wa Lubumbashi unavyopanda na kushuka, stabiliza si anasa.

5. Wati. Soma RMS tu, nguvu inayotoka mfululizo. PMPO, ile namba kubwa ya kwenye boksi, ni matangazo.

6. Kasha. Katika lililofungwa kabisa, besi hufifia taratibu kadiri noti zinavyoshuka, na besi yake inakatika pale mpigaji alipokata. Lenye tundu linatoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile, lakini chini ya kikomo chake sauti inaanguka mara mbili upesi. Kwa muziki mimi huchagua lililofungwa. Kwa filamu, shauri yako.

7. Mahali. Weka sabufa kwenye kiti chako, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe utambae kando ya kuta. Pale noti zote zinaposikika sawa, hapo ndipo sabufa inakaa. Watoto watacheka.

8. Kuitengeneza. Krosova, kitufe cha kuchagua sabufa icheze chini ya Hz ngapi, iwe juu kidogo ya pale spika zinapochoka: zikichoka 60, jaribu 70. Fezi (swichi ya PHASE, ya kuoanisha sabufa na spika) jaribu 0, kisha 180, ubakize yenye besi iliyojaa zaidi. Sauti ipandishe toka sifuri. Jaribio langu ni gitaa la Mwenda Jean Bosco, mpigaji wetu wa Katanga, zile rekodi alizozifanya mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Uzi mnene wa gitaa ni 82 Hz, kwa hiyo sabufa inatakiwa isikike kidogo tu. Ikinguruma hapo, umepandisha mno krosova au sauti.

MASWALI

Mwana Katuba: Fundi, nina dola 150. Ninunue gani?

Jibu: Hatua ya 1, 2 na 3. Rudi na majibu matatu.

Mwana Katuba: Si utaje tu jina, yaya.

Jibu: Nikutajie, ununue, ukose pa kuchomeka, urudi kunitukana? Piga picha ya nyuma ya ampli.

Mama Ruashi: Asante kwa somo, papa. Sabufa ni moja na spika ni mbili. Mbona sauti haisikiki ikitoka pembeni?

Jibu: Swali zuri, mama. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa mita 4 na kidogo. Masikio yako yameachana sentimita chache tu, kwa hiyo hayaoni tofauti ya upande. Lakini weka krosova 150 uone: sauti nzito ya mwimbaji itaanza kutoka kwenye kona.

Bwana Besi: Ya kaka yangu ni wati 3000, na inatikisa lupango (kiwanja) lote. Mnajisumbua.

Jibu: Wati 3000 za RMS hazitoki kwenye kasha la plastiki. Na hata ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu.

Kijana wa Kipushi: Mkubwa, nimeiweka konani. Noti moja inanguruma, nyingine hazipo.

Jibu: Chumba kina urefu gani?

Kijana wa Kipushi: Mita 4.

Jibu: Basi chumba chenyewe kinaimba kwenye 43 Hz, jirani kabisa na uzi wa chini wa besi. Kona inakizidishia. Toa sabufa konani nusu mita, na kiti kisiguse ukuta wa nyuma, maana ukutani ndipo noti hiyo inapojaa. Usikiweke katikati kabisa pia, hapo inapotea.

Mwana Katuba: Nimepiga picha. Kuna PRE OUT. Spika inchi 6 na nusu, sebule 4 kwa 5.

Jibu: Sasa tunaongea. Inchi 10 iliyofungwa, yenye RCA, kibandiko 230 V. Kwa dola 150 tafuta iliyotumika, na usilipe kabla hujaisikia ikipiga dakika kumi.

Mzee Likasi: Yangu inavuma mmmm hata bila muziki.

Jibu: Chomoa waya wa dishi nyuma ya televisheni. Mvumo ukinyamaza, njia yake ni hiyo: ardhi mbili zinagombana. Chomeka vyote kwenye rallonge (waya wa kuongezea soketi) moja. Usikate pini ya ardhi, mzee, hata akikushauri nani.

Fundi Kamalondo: Naongeza: vipande vya chube ya gari (mpira wa ndani wa gurudumu) chini ya miguu ya sabufa, na misumari ya plafoni (dari) ikazwe. Nusu ya "besi mbaya" ninayoitiwa ni triplex (mbao nyembamba za dari) inayocheza.

Jibu: Kweli kabisa. Na mipira hiyo hiyo inampunguzia jirani kidogo.

Mama Ruashi: Kidogo tu? Jirani yangu ana mtoto mchanga.

Jibu: Kidogo tu, mama, besi inapita kwenye tofali. Chomeka sabufa kwenye rallonge yenye swichi yake peke yake. Saa tatu usiku unaizima, spika zinaendelea.