SOMO: Kuitambua Lancaster kwenye picha ya zamani

Wakuu, kila mwezi Mei picha za Lancaster, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, huzagaa zikiwa na maelezo kwamba "hii ndiyo iliyobomoa mabwawa ya Ujerumani". Nyingi siyo. Kuhakiki ni kazi ya dakika chache tu.

Hatua ya 1: Tafuta nembo ya duara ubavuni. Upande mmoja wa duara kuna herufi mbili, upande wa pili moja. Zile mbili ni za kikosi, ile moja ni ya ndege. AJ ni Kikosi cha 617, kwa hiyo AJ-G ni ndege G ya kikosi hicho. Ndiyo aliyoirusha Guy Gibson, kamanda wa kikosi, usiku wa kushambulia mabwawa, tarehe 16 Mei 1943.

Hatua ya 2: Soma namba ndogo karibu na mkia. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaishia kwenye herufi. Herufi hurithiwa: ndege ikidunguliwa, nyingine hupewa ileile. Ikihamishwa kikosi, inapakwa mpya. Namba ndiyo haibadiliki. Chukua R5868 iliyopo makumbusho ya jeshi la anga jijini London: ilianza vitani kama OL-Q ya Kikosi cha 83, ikaendelea kama PO-S ya Kikosi cha 467 cha Waaustralia. Ni ndege ileile. Ya Gibson ilikuwa ED932.

Hatua ya 3: Kagua mgongo na tumbo. Ndege 19 zilizokwenda kwenye mabwawa zilivuliwa kibanda cha bunduki cha mgongoni na milango ya tumboni. Bomu lilining'inia nje kama pipa, likizungushwa kinyumenyume mara 500 kwa dakika ili lidunde juu ya maji. Ukiona kibanda mgongoni, hiyo siyo ya usiku ule, hata iandikwe AJ.

MASWALI

– Mkuu, nina picha ya rangi, safi kabisa, imeandikwa AJ-G. Ya Gibson hiyo?
Soma mkiani. Nadhani utakuta PA474. Hiyo ilitoka kiwandani 1945, haikupigana, ila bado inaruka kwenye maonyesho Uingereza na hupakwa herufi za vikosi tofauti. AJ-G imo.

– Vibomu vilivyochorwa puani ni urembo?
Hapana, ni hesabu. Kwa kawaida kimoja ni safari moja ya vita.

– Baada ya namba naona mkwaju (/) na G. Ndiyo herufi ya ndege?
Swali zuri. Hiyo G ni agizo: ndege ilindwe muda wote ikiwa chini, maana imebeba kitu cha siri. Lancaster za mabwawa zilikuwa nayo.

– Zilirudi zote?
Nane hazikurudi. Wanaanga 53 walikufa, watatu wakatekwa.