Hesabu ya gharama na faida kabla ya kuhamishia kozi ya kijeshi kwenye kompyuta

Ofisa mmoja wa mafunzo aliniletea kozi ya mafundi wa redio, anataka kujua kama kompyuta zitalipa. Hivi ndivyo tulivyoenda. Excel inatosha, hizo programu za kukokotoa faida huficha makisio usiyoweza kuyahoji.

1. Gharama. Mashine, umeme, matengenezo, na waandishi wa masomo. Redio mpya ikinunuliwa, somo linaandikwa upya, kwa hiyo weka fungu hilo kila mwaka.

2. Unalinganisha na nini? Weka safu tatu: mkufunzi ubaoni, vitini vya kujisomea, kompyuta. Safu ya kati ndiyo wauzaji hawaipendi. Watafiti Orlansky na String walipopitia majaribio ya jeshi la Marekani mwaka 1979, walikuta kompyuta zimepunguza muda wa kozi kwa takriban asilimia 30, na ufaulu uko palepale au juu kidogo. Lakini vitini navyo viliokoa muda mwingi, kwa sababu kila mtu alikwenda kwa kasi yake. Kompyuta iliongeza kidogo tu juu ya hapo.

3. Muda uliookolewa. Hapa usiende haraka. Askari analipwa akiwa darasani, kwa hiyo muda wake ndio fungu nono kuliko yote. Tuseme kozi ni wiki 10, wanafunzi 200, unaokoa wiki 3: ni wiki 600 za mishahara, chakula na malazi. Inapendeza kwenye karatasi. Sasa uliza: aliyemaliza wiki ya 7 anakwenda wapi? Kama uhamisho hutoka kwa mkupuo mwishoni mwa kozi, atafagia kambi wiki 3 na hujaokoa hata senti. Kama kozi inayofuata hupokea kundi zima, ni yaleyale. Kaa na karani wa uhamisho, mpitie tarehe halisi za kuripoti kikosini, mtu mmoja mmoja, kisha hesabu wiki zile tu ambazo askari atakuwa ameshafika kazini. Angalia pia wanaoachishwa kozi: wakiongezeka, mishahara yao yote ya darasani inaingia upande wa hasara. Na wakufunzi wasipopunguzwa wala kupangiwa kazi nyingine, usiwaandike kama akiba.

4. Ubora. Alama za chuoni hazitoshi. Muulize sajini wa karakana nani anatengeneza redio bila kusimamiwa.

5. Rudia hesabu kwa nusu ya akiba uliyokisia. Ikigeuka hasara, nunua vitini.