Kichwa cha Makala Kinachopatikana Google: Ninavyokiandika Hapa Mtwara

Makala yangu ya kwanza ya bei za korosho niliipa kichwa "Dhahabu ya Kusini Yang'ara Tena". Nilikipenda mno. Miezi miwili baadaye nikafungua takwimu, nikakuta wasomaji wa kuhesabu kwa vidole, na karibu wote walikuwa wanatafuta dhahabu ya kuchimba. Siwalaumu, maana machimbo ya dhahabu huku Kusini, kule Ruangwa, yapo kweli. Neno "korosho" halikuwemo kwenye kichwa, wala "bei". Tangu hapo nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Okota maneno ya watu

Fungua Google kwenye dirisha la faragha ili historia yako isiingilie. Andika "bei ya korosho", usibonyeze kutafuta. Orodha inayoshuka chini imetokana na vitu ambavyo watu wametafuta kweli. Kisha ongeza herufi moja moja mbele: a, b, ch, d. Shuka pia mwisho wa ukurasa wa matokeo, kuna utafutaji mwingine unaofanana. Nakili yote kwenye daftari.

Halafu ondoka kwenye kompyuta. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kaa na wakulima siku ya mnada usikilize wanavyouliza. Bwana shamba ataandika "Udhibiti wa Visumbufu vya Mkorosho". Mkulima wa Tandahimba anaandika "dawa ya mikorosho". Mnada nao huitwa kwa jina la chama kikuu cha ushirika: wa Newala na Tandahimba anaulizia TANECU, wa Masasi anaulizia MAMCU, wa Nachingwea anaulizia RUNALI. Ukiandika "mnada wa Kusini" peke yake, hao wote wamekupita.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Korosho, mkorosho na mikorosho kwetu ni ukoo mmoja, lakini usitegemee mashine iuone ukoo huo kila mara. Ugonjwa uleule wa mikorosho wengine huuandika "ubwiri unga", wengine "ubwiriunga". Umbo linalotafutwa zaidi liweke kwenye kichwa, mengine yatumie ndani ya makala.

Hatua ya 2: Chagua moja, ujue anayeuliza anataka nini

Anayeandika "bei ya korosho leo" anataka namba. Ukimpa historia ya zao anafunga ukurasa. Na kama huna uwezo wa kuweka bei mpya kila mnada, neno "leo" liache kabisa. Andika msimu, mfano 2024/2025. Kichwa kinachodanganya huleta mtu mara moja tu.

Hatua ya 3: Neno kuu mbele

Google hukata kichwa kirefu kwa upana wa nafasi iliyopo, kwa kawaida karibu na herufi 60. Kwenye simu ndogo ndiyo balaa. Kwa hiyo neno kuu, yaani lile ulilochagua, lianze, mapambo yafuate:

Kabla: Dhahabu ya Kusini Yang'ara Tena
Baada: Bei ya Korosho Mtwara Leo: Matokeo ya Mnada

Cha pili kina herufi 43 pamoja na nafasi. Hakina ushairi, nakubali.

Ushairi kidogo unaruhusiwa baada ya nukta mbili. Nilipoandika habari ya mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Ujerumani, nilitaka kuanza na neno "dinosaria". Nilipouliza watu nikakuta wanasema "mjusi wa Tendaguru". Kikawa: "Mjusi wa Tendaguru: Mifupa Ilivyotoka Lindi Hadi Berlin". Dinosaria nikamweka kwenye aya ya kwanza, na jina la kisayansi, Giraffatitan, chini yake.

Usirudierudie. "Bei ya Korosho, Korosho Bei Leo, Bei Korosho Mtwara Lindi" ni kelele za mpiga debe stendi, na Google huhesabu mrundikano wa namna hiyo kuwa ni ulaghai.

Hatua ya 4: Kiweke mahali pake

Kuna kichwa cha ukurasa anachokiona msomaji, na kuna kichwa cha matokeo ya utafutaji. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, huvifananisha usipoingilia. Neno kuu liwemo kwenye vyote viwili, kwenye anwani ya ukurasa (fupi, yenye vistari: bei-ya-korosho-mtwara) na kwenye sentensi za mwanzo. Lile sanduku la kujaza orodha ya maneno ya utafutaji liache tupu. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haliangalii katika kupanga matokeo, ila bado nakutana na watu wanaolijaza hadi linafurika.

Hatua ya 5: Pima, rekebisha

Sajili tovuti yako Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti inavyopatikana kwenye utafutaji. Ni bure. Fungua ripoti ya utendaji, tafuta maneno ambayo ukurasa wako unaonekana mara nyingi lakini haubofywi. Hapo kichwa ndicho mshukiwa wa kwanza. Kibadili, kisha subiri wiki kadhaa kabla ya kukigusa tena. Anwani ya ukurasa usiibadilishe bila kuelekeza ile ya zamani kwenye mpya, la sivyo viungo vyote vinavyoelekea ile ya zamani vinakufa. Na usishangae Google ikiandika kichwa chake badala ya chako. Hufanya hivyo, hasa kichwa kisipolingana na yaliyomo.

Mimi vichwa vya korosho navipitia Septemba, kabla minada ya Oktoba haijaanza.