Somo: Kufufua breki za dramu za Volkswagen Beetle kabla ya kufikiria diski

Somo hili linahusu Volkswagen Beetle yenye dramu (kopo la chuma linalozunguka na gurudumu, ambalo breki hulibana kwa ndani) kwenye magurudumu yote manne, gari ambalo hapa Dar es Salaam bado utalikuta limefunikwa turubai chini ya mwembe, likisubiri siku mwenyewe atakapopata nafasi. Wengi wenye magari haya hulalamika kwamba breki hazishiki, na papo hapo huulizia bei ya diski, yaani breki za sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili. Nawaomba wasubiri kidogo, kwa sababu katika magari mengi niliyoyafungua, breki iliyokuwa ikilaumiwa kwa uzee ilikuwa haijarekebishwa kwa miaka. Beetle haina kifaa cha kujirekebisha chenyewe. Kadiri lainingi (tabaka la msuguano linalogusa dramu) inavyolika, ndivyo pedeli inavyozidi kushuka, mpaka dereva anazoea kukanyaga mara mbili na kuona ni hali ya kawaida.

Anza gari likiwa limesimama chini kwa matairi yake. Nati kubwa ya ekseli ya nyuma ni ya spana namba 36, nayo hukazwa kwa nguvu ya takriban newtonimita (Nm) 300. Chomoa pini yake, chomeka bomba la urefu wa mita moja kwenye mkono wa spana, ilegeze, kisha ndipo uinue gari na kuliweka juu ya stendi imara. Anayejaribu kuilegeza nati hiyo gari likiwa juu ya jeki anatafuta kulaliwa na gari.

Gurudumu la mbele kushoto lina mambo mawili ambayo huwapoteza hata mafundi wazoefu. Waya wa spidomita hupita katikati ya ekseli na kushikwa na klipu ndogo juu ya kifuniko cha grisi, kwa hiyo klipu itoke kwanza kabla kifuniko hakijaguswa. Pia meno ya nati ya upande huo yamegeuzwa: unailegeza kwa kuzungusha kuelekea kulia. Nimewahi kuletewa ekseli iliyokwisha meno kwa sababu fundi alikuwa anaikaza kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua.

Kabla ya kuvuta dramu, rudisha nyuma vigurudumu vya kurekebishia, vile vidogo vyenye meno, kwa sababu dramu iliyolika huacha ukingo ambao hunasa brekishu, yaani vyuma vya nusu duara vinavyobeba lainingi. Ikishatoka, usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa cha kutupwa, na uvae barakoa.

Sasa kagua. Dramu nyingi za Beetle zina kipenyo cha milimita 230. Dramu yenye mikwaruzo hupelekwa kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, lakini kipenyo kisiongezeke zaidi ya milimita 1.5 hivi juu ya kipimo cha asili, na dramu mbili za ekseli moja zichongwe sawa. Yenye ufa haichongwi, inatupwa. Funua vifuniko vya mpira vya silinda za magurudumu, zile zinazosukuma brekishu: ukikuta unyevunyevu ndani, silinda inavuja. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani, kwa hiyo silinda ambayo kwa nje inaonekana nzima huwa na mashimo ya kutu ndani. Hiyo ibadilishwe, wala usiidanganye kwa msasa. Ukikuta brekishu za nyuma zimelowa, chota kidogo kwa kidole na ukioshe kwa maji. Ikitoka kirahisi ni oili ya breki. Ikigoma na kunuka kama kiberiti ni oili ya giaboksi iliyopita kwenye sili ya ekseli (mpira unaozuia oili isitoke), na kubadilisha brekishu bila kubadilisha sili hiyo ni kutupa fedha.

Paipu za mpira nazieleza kwa kirefu kwa sababu ziliniaibisha. Beetle yangu ilikuwa ikishika gurudumu la mbele kulia na kutoliachia, dramu inachemka hadi harufu inaingia ndani ya gari. Nilibadilisha silinda, kisha springi, kisha silinda tena. Siku niliyoikata ile paipu kwa wembe, nikaona mpira wa ndani umevimba hata tundu lake lingepitisha pini kwa shida. Mguu wa dereva una nguvu ya kusukuma oili ipite hapo, lakini springi za brekishu hazina nguvu ya kuirudisha. Kwa nje paipu ilikuwa safi kabisa. Tangu siku hiyo, gari lililolala miaka mingi nalianza kwa paipu mpya zote nne, bila majadiliano.

Wakati wa kufunga, fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja ili ule mwingine uwe kielelezo chako. Paka grisi ya kustahimili joto, kiasi kidogo sana, pale brekishu zinapogusana na bamba la nyuma. Angalia mfereji ulio kwenye kichwa cha skrubu ya kurekebishia: umekatwa mshazari, na mshazari huo sharti ulandane na ncha ya brekishu, la sivyo brekishu hukaa upande na kulika vibaya.

Kurekebisha ndiko kwenyewe. Zungusha kigurudumu kwa bisibisi mpaka gurudumu la gari likwame, kanyaga pedeli ili brekishu zijipange katikati, kisha rudisha meno matatu au manne mpaka usikie mkwaruzo hafifu tu. Fanya hivyo kwa kila brekishu, zote nane. Hendibreki hurekebishwa baada ya hapo, kamwe si kabla. Nati za ekseli za nyuma zikazwe gari likiwa chini. Tundu la pini lisipolingana, ongeza kukaza, usirudishe nyuma.

Mwisho toa upepo ulioingia kwenye paipu za breki. Kwa gari la usukani wa kulia, anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na umalizie mbele kulia. Tumia oili ya breki ya daraja la DOT 4 kutoka kwenye kopo jipya, na uilinde rangi ya bodi, kwa kuwa oili hii huibabua. Acha mwanya wa milimita 1 kati ya fimbo ya pedeli na pistoni ya masta silinda, ile silinda kuu inayosukuma oili kwenda kwenye magurudumu.

Kuhusu maboresho, la kwanza kwa maoni yangu ni masta silinda ya njia mbili, ili paipu moja ikipasuka ubaki na magurudumu mawili yenye breki. Diski za mbele ni halali, kwani kiwanda chenyewe kiliziweka kwenye Beetle 1500 kuanzia mwaka 1966. Hata hivyo masta silinda iliyotengenezwa kwa dramu huwa na vali inayobakiza shinikizo dogo ndani ya paipu, na shinikizo hilo litafanya diski zijikwaruze muda wote. Hesabu pia bolti: Beetle za zamani zina bolti tano kwa gurudumu, za baadaye nne, na wapo waliochanganya mbele na nyuma wakajikuta wanahitaji tairi mbili za akiba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Gari langu likikanyagwa breki linavuta kushoto. Nimebadilisha brekishu za kushoto, hali ni ile ile.

Jibu: Marahaba. Gari huvuta kuelekea upande unaoshika, hivyo huenda mgonjwa wako ni wa kulia. Fungua huko, utafute oili kwenye lainingi, silinda iliyokwama au paipu iliyovimba. Halafu brekishu hubadilishwa kwa ekseli nzima. Kipya kushoto na kikuukuu kulia peke yake kinatosha kulivuta gari.

Swali: Masika iliyopita nilipita Jangwani, hapa Dar es Salaam, maji yakiwa yamejaa, na baada ya hapo breki zikawa hazipo kabisa. Je, zimeharibika?

Jibu: Maji yakiingia ndani ya dramu hukaa kati ya lainingi na chuma. Ukitoka majini, endesha polepole huku umekanyaga pedeli kidogo, joto litayakausha. Lakini maji ya pale huja na tope, kwa hiyo fungua dramu uzisafishe, na ubadilishe grisi ya beringi za mbele.

Swali: Pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kuna mafundi wanaobandika lainingi mpya kwenye brekishu za zamani. Niwaamini?

Jibu: Ndugu yangu, inategemea fundi. Kama anapiga riveti, pitisha ukucha juu yake: vichwa viwe vimezama chini ya uso wa lainingi. Kama anatumia gundi, muulize anaikausha vipi. Gundi ya kazi hiyo hukaushwa kwa joto la tanuri huku lainingi imebanwa. Akikuonyesha brekishu zilizoanikwa juani, chukua zako uondoke.