Mtoto wa nyoka gata akikataa kula: anza na joto, kisha harufu

Mtoto wa gata (kwa Kiingereza garter snake) anapozaliwa ana urefu wa sentimita 13 hadi 23 na uzito wa gramu mbili hivi. Gata hatagi mayai. Huzaa watoto hai, mara nyingi kati ya 10 na 40 kwa mzao mmoja, kiangazi cha Amerika Kaskazini kinapoelekea mwisho. Wengi wao hula ndani ya wiki ya kwanza bila kubembelezwa. Wachache hugeuza kichwa kila wanapoletewa chakula, na mwongozo huu ni kwa ajili ya hao.

Kukataa huko si ukaidi. Mtoto wa gata hatambui chakula kwa macho peke yake. Ulimi wake ndio unaompa habari, na hata ukimpa habari njema, hatameza kama mwili hauna joto la kusagia chakula au kama anajiona yuko wazi mbele ya adui. Kwa hiyo usikimbilie kubadili chakula. Tengeneza nyumba kwanza, halafu harufu, na chakula chenyewe kije mwisho.

Tahadhari moja kwa walioko Afrika: tunayemzungumzia ni wa jenasi Thamnophis, nyoka wa Amerika asiye hatari kwa binadamu. Wako nyoka wa Afrika wa jenasi Elapsoidea ambao kwa Kiingereza nao huitwa garter snake. Hao ni wa ukoo mmoja na swila na wana sumu. Usiokote mtoto wa nyoka shambani ukadhani ndiye huyu.

Kwanza, hesabu siku

Mtoto huzaliwa na akiba ya kiini tumboni, na hujivua gamba la kwanza mapema sana, mara nyingi siku ileile au siku chache baadaye. Kabla hajajivua, usimpe kitu. Mpe chakula cha kwanza siku ya pili au ya tatu baada ya gamba kutoka. Akikataa, ngoja siku mbili ujaribu tena. Wiki ya kwanza haina sababu ya hofu. Wiki ya pili anza kufuata hatua zilizo hapa chini moja baada ya nyingine. Asisukumwe hadi wiki ya nne akiwa bado hajala, maana mwili wa gramu mbili hauna akiba ya chatu.

Mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu ni kifaa cha lazima. Mpime mara moja kwa wiki, umtie ndani ya kikopo kilichokwisha kupimwa, uandike tarehe na uzito. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa kuzaliwa, au uti wa mgongo ukianza kuchomoza kama ukingo wa paa na ngozi ya ubavuni kujikunja, muda wa kungoja umekwisha.

Nyumba yake

Kila mtoto akae peke yake. Kontena la chakula la plastiki lenye ujazo wa lita moja au mbili linatosha, matundu yasizidi milimita 2, kwa kuwa tundu linalopitisha penseli linampitisha yeye pia. Watu humweka mtoto kwenye tangi kubwa zuri wakidhani wanamtendea wema, na humo ndani hawezi kukutana na chakula, wala hana pa kujibana.

Tandika karatasi za jikoni, na juu yake weka nyingine zilizokunjwakunjwa ovyo ili ajifiche katikati yake. Hii ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote: mtoto asiyeonekana ndiye anayekula. Weka kificho kimoja chenye karatasi yenye unyevu, lakini sakafu yote iliyobaki iwe kavu. Gata wanapenda maji, ila wakilala juu ya unyevu siku nyingi huota malengelenge ya ngozi, na mwenye malengelenge hali. Bakuli la maji liwe pana na fupi, kina cha sentimita moja.

Joto ndilo linalosababisha kesi nyingi. Upande wa moto uwe nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi, upande wa baridi 22 hadi 24, usiku pashuke hadi 20. Mkeka wa joto ukae chini ya theluthi moja tu ya kontena, na lazima uunganishwe na kidhibiti joto. Bila hicho sakafu inaweza kupanda kupita kiasi, na mtoto mdogo hufa upesi. Pima kwa kipimajoto kilicholala sakafuni, usipime hewa.

Kuna mtego wa msimu hapa. Watoto wa Agosti na Septemba huzaliwa siku zikianza kufupika, na porini wengine huingia katika usingizi wa baridi mapema. Chumba cha nyuzi 19 kinamweka mahali pabaya pa katikati: pana baridi mno kusaga chakula, pana joto mno kulala na kubana matumizi ya nguvu. Mwashie taa saa 12 hadi 14 kwa siku, mpashe joto sawasawa, na wengi waliokuwa wakikataa watakula hata kabla hujabadilisha chakula.

Harufu ndiyo inayoamua

Kuanzia miaka ya 1960, mtafiti Gordon Burghardt alionyesha kwamba watoto wa gata ambao hawajala kitu maishani hurushia ulimi na hata kung'ata pamba iliyochovywa kwenye maji yenye harufu ya mawindo ya jamii yao. Hawajafundishwa, wamezaliwa nayo. Stevan Arnold naye, katika kazi iliyotoka 1977, alionyesha kwamba gata wa magharibi, Thamnophis elegans, wa pwani ya California hula konokono wasio na gamba, ilhali wa bara katika jimbo hilohilo huwakataa, na tofauti hiyo inaonekana hata kwa watoto wachanga.

Maana yake kwako ni hii: ujue mtoto wako ni wa spishi gani na asili yake wapi. Gata wa kawaida, Thamnophis sirtalis, na gata wa nyikani, Thamnophis radix, kwa kawaida huanza vizuri na nyungunyungu. Thamnophis butleri anakaribia kutokula kingine. Lakini nyoka utepe, Thamnophis sauritus, mwembamba mwenye mkia mrefu, huwapuuza nyungunyungu na anataka samaki au chura. Mtu anaweza kumwekea nyungunyungu wiki tatu na kumwita mgonjwa, kumbe amepewa kitu ambacho kwake si chakula.

Aina ya nyungunyungu nayo ina uzito. Tumia wale wakubwa wa chambo, Lumbricus terrestris. Wale wembamba wekundu wa kwenye mboji, Eisenia fetida, wakikatwa hutoa majimaji ya manjano yenye harufu kali, na nyoka akiwala hutapika au hudhurika vibaya. Wanafanana na watoto wa wale wakubwa, kwa hiyo ukinunua dukani soma jina la kisayansi. Usiwachimbe kwenye nyasi zilizopigwa dawa ya wadudu.

Jioni ya kumlisha

1. Tangu jana yake, weka nyungunyungu kwenye karatasi yenye unyevu atoe udongo tumboni. Msuuze kwa maji yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke.

2. Kata vipande vya sentimita moja hadi mbili, visivyozidi unene wa mwili wa nyoka. Kipande kibichi hujinyonganyonga, na mwendo huo humwamsha mtoto.

3. Weka vipande viwili au vitatu kwenye kifuniko cha chupa, karibu na mahali anapojificha, upande wa joto. Asiguswe wala kubebwa siku hiyo.

4. Funika kontena kwa kitambaa uondoke. Rudi muda wa saa tatu ukishapita. Kama havijaguswa, viache hadi asubuhi, kisha vitoe kabla havijaoza na kuita sisimizi.

Kuchungulia kila dakika kumi kunaharibu kazi. Anayesita huona kivuli chako kabla hajaona chakula.

Jaribu hivyo mara tatu, siku mbilimbili. Ikishindikana, nenda kwa samaki. Watoto wa gapi (samaki wadogo wa mapambo) walio hai kwenye bakuli lenye maji ya sentimita moja huwaamsha hata walio wazito, kwa sababu mtoto huona mwendo na kuonja maji yenye harufu kwa wakati mmoja. Huna gapi? Kata nyuzi nyembamba za trauti, samoni au perege asiye na chumvi wala viungo, ziwe na joto la chumba, uziweke kwenye kijiko cha maji ya uvuguvugu.

Anayekula samaki na kukataa nyungunyungu, au kinyume chake, unamhamisha kwa kupaka. Sugua uzi wa samaki kwenye ute wa nyungunyungu hadi ung'ae, umpe. Kila mlo upunguze ute kidogo. Mbinu hiyohiyo inafaa kumzoesha vipande vya vitoto vya panya wasio na manyoya, lakini hilo lisubiri ale vizuri mwezi mmoja au miwili.

Kibanio husaidia kwa wachache. Shika kipande kwa kibanio cha plastiki chenye ncha butu, kilete kutoka ubavuni, kitetemeshe polepole, kiguse pembeni mwa taya. Ukimjia usoni moja kwa moja atakuona kama adui. Akishang'ata, ganda. Usivute, usiondoe mkono haraka.

Samaki wanaoua polepole

Samaki wa dhahabu na vidagaa wengi wa chambo wanaouzwa Amerika wana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, kinachovunja vitamini B1. Mtoto atawala kwa hamu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani mwenye nyoka hufurahi. Baada ya wiki au miezi huanza kuyumba, kujipindua na kutetemeka, na wengine hufa. Kugandisha hakukiondoi kimeng'enya hicho. Baki na gapi, trauti, samoni au perege. Minofu peke yake haina mifupa, kwa hiyo nyunyizia chembe ya unga wa kalsiamu mara moja kwa wiki. Vyura na konokono wa porini waache, hubeba vimelea.

Akikataa vyote

Kama joto ni sahihi, amejaribiwa nyungunyungu na samaki, na uzito unashuka, msaidie kwa mkono, mara moja tu kila siku nne au tano. Mshike nyuma ya kichwa kwa vidole viwili laini, mwili ukitulia kiganjani. Lowesha kipande chembamba cha nyungunyungu au uzi wa samaki wenye urefu wa sentimita moja, upitishe kwenye kona ya mdomo mpaka taya zifunguke, uingize mbele kidogo tu, kisha umweke chini taratibu na usitikisike. Wengi hukaa dakika nzima na kipande mdomoni, halafu humeza. Akitema, mrudishe kwenye kificho. Majaribio mawili kwa siku moja yanamchosha kuliko njaa. Kumlisha kwa mrija ni kazi ya daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Akitapika, usimpe kitu siku tano hadi saba. Kagua joto, kisha anza tena na nusu ya kipande.

Akishaanza

Mlo wa nyungunyungu kila siku mbili, wa samaki kila siku mbili au tatu, kiasi cha kufanya tumbo livimbe kidogo. Usiwarudishe ndugu pamoja wakati wa kula. Wawili wakishika nyungunyungu mmoja kutoka ncha mbili, midomo hukutana na mkubwa huendelea kumeza hadi kichwa cha mwenzake. Ukiwakuta wameshikana, kata nyungunyungu katikati kwa mkasi badala ya kuwavuta. Osha mikono kwa sabuni kila umalizapo, kwani reptilia hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Uzito ukipanda wiki tatu mfululizo, ongeza ukubwa wa vipande, na mizani iendelee kukaa karibu hadi afikishe gramu kumi.