Kabla hujamfuata nyuki seremala na kamera

Kwanza mjue unayemtafuta. Nyuki seremala ni yule mkubwa mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, anayevuma kama bodaboda inayopanda mlima na abiria wawili. Aina moja utakayokutana nayo bustanini ni Xylocopa caffra. Jike ni mweusi mwenye mistari miwili ya njano mgongoni, dume kavaa manyoya ya njano-kijani mwili mzima, hata ukiwaona pamoja utaapa ni wadudu wawili tofauti. Dume ndiye atakayekujia usoni, asimame hewani akukodolee macho. Usimpungie kofia. Hana mwiba huyo, analinda eneo lake tu. Mwenye mwiba ni jike, naye hana shari mpaka umguse. Habari za kumgusa nitazieleza.

Jua saa ya ua. Ukikaa kwenye chanja la pasheni, uliza ni pasheni ipi. Ya zambarau hufungua maua alfajiri na kuyafunga kabla jua halijafika utosini. Ya njano huanza kufungua kama saa sita mchana na kubaki wazi mpaka usiku. Nimeshaona mtu kaamka saa kumi na moja, kabeba kamera na chai kwenye chupa, akakaa mbele ya machipukizi yaliyofumba mpaka njaa ikamrudisha ndani. Kwenye ua hilo nyuki wa asali ni mdogo mno, anapita chini akinywa zake bila kugusa vifuko vya chavua vilivyoning'inia juu. Seremala akiingia, mgongo wote unapanguswa na kutoka umepakaa njano. Picha unayoitaka ni hiyo.

Huna pasheni? Nenda kwenye mbaazi, kunde au mbilingani. Kwenye mbilingani tega sikio pia: analikumbatia ua, anatetemesha mwili, na mvumo unabadilika ghafla kuwa mwembamba. Chavua inamwagika tumboni kwake kama unga kwenye chekeche.

Kamera: kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) iwe 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi, na ongeza mwanga kidogo, maana mdudu mweusi kwenye ua jeupe hutoka kama kipande cha mkaa. Mwenye simu apige mfululizo, achague baadaye. Usimzuilie jua kwa kivuli chako. Basi.

Sasa tundu. Utalijua: duara safi, kidole kinaingia, kama limetobolewa kwa keekee, na chini yake unga wa mbao. Hali mbao hizo, anazitoa tu. Ndani anachimba njia kufuata nyuzi za mti, anaigawa vyumba, kila chumba donge la chavua na yai moja. Chagua upande ambao humzibii njia, kaa hatua mbili tatu kando, tulia. Usichokonoe kwa kijiti. Usipulize ndani. Na gogo lenyewe usilisogeze.

Mimi nililisogeza. Lilikuwa gogo kavu la mwembe, urefu wa mkono, limeegemea uzio nyuma ya nyumba ya shangazi, Tanga, na matundu matatu. Mahali penyewe palikuwa na kivuli kibaya, picha zote zilitoka na ukungu. Nikajiona mjanja: nitalibeba usiku, wakiwa wamelala, niliweke barazani ambako jua la asubuhi linapiga vizuri. Nikalibeba taratibu kama mtoto aliyelala, nikaliegemeza karibu na dirisha la sebule, nikaenda kulala na furaha yangu.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya shangazi. Jua lilipopasha gogo, majike yalitoka, na kila moja lilitoka mahali lisipopajua. Mmoja aliingia dirishani akajificha kwenye pazia. Shangazi akaja kufungua pazia kama anavyofanya kila siku, akamshika pamoja na kitambaa. Akachomwa kidoleni, akapiga kelele bila kuachia, akachomwa tena. Mwiba wa huyu hauna meno kama wa nyuki wa asali, haubaki kwenye ngozi, kwa hiyo anaweza kurudia. Mkono ulivimba mpaka pete ikabidi itolewe kwa sabuni, huku mimi nikiambiwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Lakini kilichonikaa zaidi ni cha nyuma ya nyumba. Nilipolirudisha gogo, nilimkuta jike mmoja kwenye uzio, anaelea hewani pale pale tundu lilipokuwa, kimo kile kile. Anasogea mbele inchi chache, anarudi, anasogea tena, kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Wanaikariri sehemu, si gogo. Nilijaribu kuliegemeza kama lilivyokuwa, nikakosea upande, nikaligeuza, na ndipo akaingia. Picha hiyo sikupiga. Kamera niliiacha mezani nikimtafutia shangazi barafu.

Kwa hiyo barafu au maji baridi yawe karibu, na pete uivue mapema. Mtu akichomwa kisha midomo au koo likaanza kuvimba, au pumzi ikabana, usianze kutafuta dawa za majani, mpeleke hospitali hapo hapo. Kama unajua nyuki huwa wanakudhuru hivyo, piga picha kwa lenzi ndefu au muachie mwingine.

Kagua pia kama hakuna mzinga wa nyuki wa asali karibu, au kundi lililojificha kwenye ukuta. Hao ndio wa kuogopwa, hawaji mmoja mmoja. Harufu wanayoitoa kuitana kwa vita inafanana na ya ndizi mbivu, kwa hiyo ndizi yako kaile jikoni. Manukato makali yaache. Nguo nyepesi kwa rangi. Ukiomba bustani ya jirani, uliza lini walipuliza dawa ya wadudu, maana hutapata nyuki wala hupaswi kuvuta hewa ile. Kofia, maji ya kunywa, viatu vya kufunika, hasa kwenye rundo la kuni ambako nyoka naye ana makazi. Na kabla ya kupiga magoti, tazama chini kama siafu hawapiti.